Kuchagua mtini kwa ua wenye majira mafupi ya joto

Anayetaka kupanda mtini Columbus (Ohio), Minneapolis au Toronto huuliza swali moja kitaluni: mti huu utavumilia baridi? Swali lina maana, ila linatangulia mahali pasipo pake. Mitini mingi inayouzwa kwa sifa ya ugumu huvumilia kweli, au hufa juu ikachipua tena kutoka mizizini, na bado mwenye mti anamaliza mwaka bila kuonja tini hata moja. Oktoba inaingia, matawi yamejaa tini za kijani ngumu kama mawe, jalidi, yaani baridi ya kugandisha, inapiga usiku mmoja, basi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za baridi, uliza mambo mawili: tini za aina hii huchukua siku ngapi kuiva, na huzaliwa kwenye tawi lipi, la mwaka jana au la mwaka huu?

Ramani ya kanda za baridi ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo vitalu vyote huinukuu kwenye lebo, haijibu maswali hayo. Inapima kiwango cha baridi kali zaidi ya mwaka kwa wastani, haisemi chochote kuhusu urefu wala ukali wa joto. Seattle na London ziko kwenye kanda zinazoonekana nzuri kabisa kwa mtini, lakini majira yao ya joto ni baridi kiasi kwamba aina za kuchelewa haziivi huko. Columbus ina baridi kali zaidi kuliko miji hiyo miwili, ila Julai yake ni ya moto kweli, na tini za mapema huiva vizuri.

Hesabu ya tarehe

Tini haikui kwa mwendo mmoja. Ikitokeza kwenye kifundo cha jani ikiwa na ukubwa wa punje ya njegere, hukua haraka kwa wiki kadhaa. Kisha husimama. Kipindi hiki cha kusimama kinaweza kuchukua mwezi na zaidi, na ndicho kinachowakatisha watu tamaa, kwa sababu tini inabaki vilevile wiki hadi wiki. Mwishoni hufura ghafla, hubadilika rangi, hulainika na kuiva ndani ya siku chache. Aina za mapema hutumia takriban siku 75 hadi 85 kutoka punje hadi kuiva. Aina za kuchelewa 110 na zaidi. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi mwendo wote unapungua, hivyo siku za mwisho wa Septemba usizihesabu kama siku kamili.

Chukua mti uliopandwa ardhini Ohio, uliokufa juu wakati wa baridi. Machipukizi mapya hutoka ardhini katikati au mwishoni mwa Mei. Tini za kwanza huonekana baada ya majani sita hadi nane, tuseme tarehe 15 Julai. Ongeza siku 80: umefika 3 Oktoba, umeponea chupuchupu. Ongeza siku 110: ni 2 Novemba, na jalidi imeshapita. Mti uleule ukilindwa hata matawi yake yasife, tini huonekana mapema Julai au kabla, na aina ya siku 80 huanza kuliwa baada ya katikati ya Septemba. Ukiwa kwenye chungu na ukaamshwa ndani ya nyumba mwezi Machi, tini za 5 Juni huiva 24 Agosti, na hata aina ya siku 110 inapata nafasi.

Fanya hesabu hiyo kwa ua wako kabla ya kufungua katalogi yoyote. Unahitaji tarehe mbili tu: jalidi ya mwisho ya majira ya machipuo na jalidi ya kwanza baada ya joto, kwa wastani wa eneo lako.

Tawi la zamani, tawi jipya, na nyigu asiyekuwepo

Mtini unaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya mwanzo, yaitwayo breba, huota kwenye matawi ya mwaka uliopita na huiva katikati ya majira ya joto. Mavuno makuu huota kwenye matawi mapya na huiva baadaye. Matawi yakifa kwa baridi, breba zote zimekwenda nayo. Hapo ndipo watu wengi wanaponunua mti usiowafaa.

Kuna pia suala la uchavushaji. Mitini ya kawaida hukomaza matunda yake bila kuchavushwa. Aina za kundi la Smyrna haziwezi: tini zake zisipoingiwa na nyigu mdogo wa mitini, hunyauka na kudondoka zikiwa bado changa. Kundi la San Pedro liko katikati, maana breba zake huiva bila nyigu lakini mavuno makuu yanamhitaji. Nyigu huyo aliletwa California kwa makusudi mwishoni mwa karne ya 19 na anaishi huko. Kwenye majimbo ya baridi, Kanada na Uingereza usimtegemee.

Hili linagusa jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hulifanya mara kwa mara: kutia mchangani mbegu za tini kavu zilizobaki baada ya futari. Mbegu zinaota, tena kwa wingi. Lakini tini kavu nyingi za Uturuki ni aina ya Sarılop, ya kundi la Smyrna. Miche itakayotoka humo, takriban nusu itakuwa mitini dume isiyo na tunda la kuliwa, na sehemu kubwa ya iliyobaki itangoja nyigu ambaye hayupo. Utasubiri miaka kadhaa kulijua hilo. Mtini bora huzalishwa kwa kipandikizi cha tawi, nao hufanana na mama yake kwa kila kitu. Na kipandikizi cha kubeba kwenye begi kutoka Muscat au Unguja kitakwama uwanja wa ndege bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo tafuta cha nchi unayoishi.

Aina zenyewe

Kwa ua wenye joto la kweli lakini fupi, ambako matawi yanaweza kufa (Ohio, Pennsylvania, Ontario ya kusini, sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ya Marekani), unataka mtini wa kawaida, wa mavuno makuu ya mapema, unaozaa kwenye tawi jipya bila kinyongo.

Ronde de Bordeaux ndiyo ya kuanzia. Ni aina ya Kifaransa, tini ndogo hadi za wastani, nyeusi kwa nje na nyekundu ndani, tamu sana, na huiva miongoni mwa za kwanza kabisa. Kasoro zake mbili zijulikane: mti mchanga hupenda kudondosha tini mwaka wa kwanza au wa pili, na mvua ikinyesha siku tini inapofura, ngozi hupasuka. Kama Septemba yako ni ya mvua, ipande karibu na ukuta wenye upenu.

Hardy Chicago ndiyo imara kuliko zote zinazopatikana kirahisi. Asili yake ni Sicily, kwenye kundi wakuzaji wanaloliita la Mlima Etna. Hufa juu hadi ardhini, ikachipua, ikazaa mwaka uleule. Hapa uwe macho na majina: Marseilles Black, Salem Dark, Takoma Violet na mengine mengi ni mitini ya kundi hilohilo, na tofauti baina yao ni ndogo mno kwa mtu mwenye nafasi ya miti miwili. Kununua minne ya kundi hili ukidhani una aina nne ni kupoteza nafasi na pesa. Huiva siku kadhaa nyuma ya Ronde de Bordeaux.

Improved Celeste, iliyotoka kwenye mradi wa mitini wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, huiva mapema na tundu lake la kitako limefumba kiasi. Tutaona kwa nini hilo ni muhimu. Usiichanganye na Celeste ya zamani. Celeste ni tini nzuri sana kusini mwa Marekani, lakini haipendi kupogolewa sana, na mti unaokufa juu kila mwaka ni sawa na mti unaopogolewa hadi ardhini. Matokeo yake ni majani mengi na tini chache.

Florea, ambayo huuzwa pia kama Michurinska 10, imetoka mashariki ya Ulaya. Ladha yake ni ya kawaida, tuseme kweli, lakini ni ya mapema na imara. Mwenye msimu mfupi kuliko wengine wote, tuseme Minnesota, aanze na hii na Ronde de Bordeaux, tena kwenye chungu.

Violette de Bordeaux ina ladha iliyo bora kuliko zote zilizotajwa hapa, na umbo fupi linalokaa vizuri kwenye chungu. Huchelewa kiasi, hivyo ni ya chungu kilichoamshwa mapema, si ya ardhini Ohio.

Upande wa pwani ya Pasifiki ya kaskazini, Seattle hadi Vancouver na Victoria, hesabu inageuka. Baridi huko si kali kiasi cha kuua matawi miaka mingi, ila joto halitoshi kuivisha mavuno makuu. Huko unataka breba. Desert King, ya kundi la San Pedro, hutoa breba kubwa za kijani zenye nyama nyekundu, nazo huiva mwishoni mwa Julai na Agosti. Mavuno yake makuu yatadondoka, usihangaike nayo. Mti huohuo ukipandwa Ohio ardhini bila ulinzi hauzai kitu: matawi yamekufa, breba zimekufa, mavuno makuu yanamngoja nyigu.

Uingereza iko karibu na hali hiyo ya Seattle. Brown Turkey, Brunswick na White Marseilles ndizo za kuaminika, kwenye ukuta unaotazama kusini. White Marseilles imezoea mazingira hayo kwa muda mrefu: mtini ulioko Christ Church, Oxford, husimuliwa kuwa ulipandwa katikati ya karne ya 17 na Edward Pococke, mwalimu wa Kiarabu aliyewahi kuishi Aleppo. Novemba, ondoa tini zote kubwa kuliko punje ya njegere, kwani hazitafika popote. Zile ndogo zilizo kwenye ncha za matawi ziache, hizo ndizo za mwaka ujao.

Kuhusu Brown Turkey, jina hilo Marekani hubandikwa mitini kadhaa tofauti. Ile inayouzwa sana kutoka California, ambayo jina lake jingine ni San Piero, ni kubwa, imefunguka kitako, na huchelewa. Ya Kiingereza ni mti mwingine. Lebo ikisema Brown Turkey bila maelezo zaidi, na mche umetoka California, uache. Black Mission, Kadota na Panachée nazo hujaa kwenye maduka makubwa kila machipuo kwa sababu ni rahisi kuzalishwa, wala si kwa sababu zitakufaa. Panachée, ile ya mistari ya kijani na manjano inayovutia macho, ni miongoni mwa zinazochelewa kupita zote.

Kitako cha tini

Pindua tini iliyoiva uitazame chini. Kuna tundu dogo. Kwenye aina nyingine limebanwa kabisa, na tini ikiiva hutoa tone moja la asali linaloganda na kuliziba. Kwenye nyingine lina upana wa kutosha kuingiza njiti ya kiberiti. Maji ya mvua yanaingia humo, vijidudu vya matunda na sisimizi wanaingia humo, na ndani ya siku moja au mbili tini inachacha: ukiifungua inanuka siki na nyama imekuwa majimaji. Septemba ya nchi za baridi ni ya mvua, hivyo tundu lililofumba ni sifa ya kutafuta makusudi, ikifuatia tu uharaka wa kuiva. Shingo ndefu nayo inasaidia, kwa sababu tini huinama na maji hayatuami.

Tini isiyoiva haiivi baada ya kuchumwa. Subiri shingo ilegee, tunda lining'inie, na ngozi ionyeshe mipasuko myembamba. Kikonyo kikitoa utomvu mweupe umewahi. Utomvu huo ukikaa kwenye ngozi juani unaunguza, kwa hiyo nawa mikono.

Ukiwa kitaluni

Mche wa kununua uwe na shina lenye unene wa penseli au zaidi na mizizi iliyojaza chungu cha lita 4. Vijiti vyembamba vya kwenye vikopo ni bei rahisi, ila vitakula miaka miwili ya ziada. Kagua majani: madoa ya manjano yasiyo na mpangilio na majani yaliyojikunja upande mmoja ni dalili ya virusi vya mozaiki, ambavyo huenezwa na utitiri wa mitini na kwa vipandikizi. Havina dawa. Mitini mingi inavyo kwa kiasi fulani na inaishi navyo, kwa hiyo jani moja lenye doa lisikutishe. Mche uliodumaa na kupindika wote ndio wa kuacha. Violette de Bordeaux huathirika zaidi kuliko wengi, ichunguze mara mbili.

Aina iende na njia ya kuulinda mti

Ukipanda ardhini, shimo liwe upande wa kusini wa ukuta, na mche uzame sentimita 5 hadi 10 chini kuliko ulivyokuwa kwenye chungu, ili kuwe na vichipukizi chini ya udongo baridi ikiua juu. Matawi yaliyozama kwenye usingizi wa majira ya baridi huanza kuumia karibu na nyuzi 9 hadi 12 chini ya sifuri. Ya mti mchanga huumia kabla ya hapo.

Njia inayoleta tofauti kubwa kuliko kubadili aina ni kulaza shina. Mwaka wa kwanza acha shina moja tu likue, urefu wa mita 1.5 hadi 2. Majani yakishapukutika, siku isiyo na baridi kali, liinamishe polepole na kulifunga kwenye waya lilale sambamba na ardhi, sentimita 15 hadi 20 kutoka chini. Likigoma, lifunge nusu ya njia na umalizie wiki ifuatayo. Ukilazimisha kwa siku moja litapasuka pale chini. Machipuo yakifika, acha machipukizi yanayopanda juu, moja kila sentimita 30 hadi 40, mengine yafutwe kwa kidole yakiwa bado laini. Kila Novemba kata matawi yote yaliyosimama, ubakize vichipukizi viwili kwa kila moja. Kinachobaki ni shina la chini tu: lizungushie wavu wa waya kwa ajili ya panya, ambao hula gome lote wakati wa theluji, kisha majani makavu unene wa sentimita 30, kisha turubai. Fungua Aprili, lakini turubai lisiende mbali, usiku wa jalidi ulirudishe.

Njia hii hufuta kabisa matawi ya mwaka jana, hivyo ni ya mavuno makuu peke yake. Ronde de Bordeaux na Hardy Chicago hufurahia. Desert King ikilazwa na kukatwa hivi haitazaa maisha yake yote.

Chungu kinafaa aina yoyote. Lita 20 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha 40 hadi 60. Mchanganyiko mwepesi: sehemu mbili za maganda ya msonobari yaliyosagwa, moja ya mboji, moja ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa na maji), na kijiko kimoja kikubwa cha chokaa ya dolomaiti kwa kila lita 4. Majani yakianguka, hamishia kwenye banda la gari lisilo na hita, nyuzi 3 chini ya sifuri hadi 5 juu yake, gizani, kikombe kimoja cha maji kila wiki tatu au nne. Sehemu ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 10 mti huamka Januari, ukatoa machipukizi meupe dhaifu yanayovunjika yakiguswa. Katikati ya Machi upeleke penye joto na mwanga. Jalidi ikishapita utoe nje, kivulini kwa wiki moja kwanza, la sivyo majani yaliyoota ndani yataungua kwa jua.

Zikigoma kuiva

Mti wenye majani makubwa, matawi marefu na tini hakuna, kwa kawaida umelishwa nitrojeni kupita kiasi, mara nyingi mbolea ya nyasi za uani iliyofikia mizizi. Acha mbolea yote baada ya mwanzo wa Julai. Tini zilizonyauka na kudondoka katikati ya joto, kwenye mti wa kawaida, ni kiu: chungu cha lita 40 kwenye jua la Julai kinahitaji maji kila siku.

Tawi jipya likifikisha majani sita au saba, ng'oa ncha yake kwa kucha. Nguvu huhamia kwenye tini zilizopo, na zinaonekana mapema zaidi. Fanya hivi kabla Juni haijaisha kwa mti wa chungu, au mara majani yatakapotimia kwa mti uliochipua kutoka ardhini. Tini yoyote inayotokeza baada ya mwanzo wa Agosti iondoe.

Na kama Septemba inakwisha na tini bado zimesimama, kuna mbinu ya kale ya nchi za Bahari ya Kati. Pasua tini moja ya mfano. Nyama ikiwa imeanza kugeuka ya waridi, chukua tone la mafuta ya zeituni kwa pamba ya sikio upake kwenye tundu la kitako la tini zilizobaki zenye ukubwa kama huo, moja moja. Kwa siku zenye joto la wastani zitafura na kulainika ndani ya wiki moja hivi. Nyama ikiwa bado nyeupe usipake: tini itafura na kulainika, lakini utamu hautakuwemo.